Mtoto Katimiza Miezi Sita: Namna ya Kumwanzishia Chakula

Kwenye foleni ya kliniki, kwenye harusi, hata ndani ya matatu ya Kisauni, maswali ni yale yale. Mwanangu ana miezi mitano na nusu, nianze na uji gani? Mbona kila nikimpa anatema? Maji nimpe au nisimpe? Yai je? Nimeyajibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niyaandike yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mama au baba anayeanza wiki hii awe na kitu cha kufuata jikoni.

Nimelea watatu hapa Mombasa, na wa kwanza nilimkosea. Alipofika miezi minne akawa analia usiku. Nikaambiwa maziwa yangu hayamtoshi, nikamkorogea uji mwepesi wa kupita kwenye chuchu ya chupa. Alimaliza chupa nzima akalala, nami nikafurahi. Miezi miwili baadaye, mstari wa uzito kwenye kitabu chake cha kliniki, uliokuwa ukipanda vizuri, ulikuwa umelala kama mkeka. Muuguzi akaniomba ile chupa niliyokuwa nayo mkobani. Akamimina uji kidogo kwenye kijiko, akakiinamisha. Ukatiririka wote. Akaniambia, "Mama, haya ni maji yenye rangi. Chakula cha mtoto hukaa kwenye kijiko."

Tumbo la mtoto wa miezi sita ni dogo. Ukilijaza maji, chakula hakina pa kuingia. Ukisahau mengine yote utakayosoma hapa, usisahau kile kijiko kilichoinamishwa.

Kwanza hakikisha yuko tayari

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Kliniki zetu zinasema vivyo hivyo. Baada ya hapo anapewa chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Pamoja na umri, mtazame mwenyewe: shingo imekaza? Anaweza kukaa akiegemezwa? Akikuona unakula, anafuata mkono wako kwa macho na kufungua kinywa? Ukimgusisha kijiko mdomoni, ulimi hausukumi tena kila kitu nje?

Kutafuna ngumi si dalili ya njaa ya chakula. Watoto huanza hayo wakiwa na miezi mitatu au minne. Kuamka usiku pia si dalili. Kama mwanao alizaliwa kabla ya siku zake, uliza kliniki wakupangie tarehe.

Wala usichelewe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana kufikia miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuijaza. Mtoto wa miezi minane anayenyonya tu anaweza kuonekana mnene na huku damu yake imepungua.

Vitu vya kuwa navyo

- Kibakuli chake peke yake. Akila kwenye sahani ya wote hutajua amekula kiasi gani.
- Kijiko kidogo chenye ukingo laini.
- Kikombe kidogo cha wazi cha kunywea. Chupa haihitajiki kwa chakula, na kuisafisha vizuri ni kazi.
- Uma wa kupondea na kichungio cha waya. Blenda si lazima. Kwa kweli mimi siipendi kwa kazi hii, kwa sababu haizunguki mpaka utie maji, na ukitia maji umerudi kwenye uji wangu wa chupa.
- Kikombe cha kipimo cha mililita 250, kwa sababu vipimo vyote hapa chini ni vya kikombe hicho.
- Sufuria ndogo yenye mfuniko, na sabuni karibu na maji ya kunawa.

Maji nayo yanataka neno lake. Nyumba nyingi hapa tunatumia maji ya mitungi ya mkokoteni au ya kisima, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Kuyachemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Ukiyaonja yakawa na munyu, yawekee kuosha vyombo. Ya kupikia na ya kunywa mtoto yawe matamu, yachemke mpaka yatokote vizuri, kisha yahifadhiwe kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Hatua zenyewe

1. Chagua saa ya asubuhi. Chakula kipya usimpe usiku. Kikimkataa, unataka liwe jua na kliniki ziko wazi. Mnyonyeshe kidogo kwanza, maana mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko.

2. Nawa mikono kwa sabuni, umnawishe na yeye. Vidole vyake vitaingia kibakulini, kisha kinywani.

3. Pika chakula kimoja. Mimi huanza na kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, au boga. Menya, kata vipande, chemsha kwa maji kidogo ukiwa umefunika mpaka uma upenye bila kusukuma. Ponda kingali moto. Kikiwa kikavu, kilainishe kwa maziwa yako uliyokamua au kwa kijiko kimoja cha maji yale yale ya kupikia. Sasa jaza kijiko ukiinamishe. Kikianguka polepole kwa bonge, au kikahitaji kutikiswa, ni sawa. Kikitiririka, ongeza kiazi.

Avokado na ndizi mbivu hazihitaji moto, zinapondwa tu. Nunua avokado mbichi-mbichi kule Kongowea au Marikiti uiivishe nyumbani. Zilizoiva tayari hufika zimepondeka.

4. Mkalishe wima mapajani, uso wake uuone. Asile amelala, wala akiwa anatembezwa. Mgusishe kijiko mdomo wa chini, ungoje afungue mwenyewe. Siku ya kwanza vijiko viwili au vitatu vidogo vinatosha kabisa. Vingine vitarudi kidevuni. Hajakataa, anajifunza kukipeleka chakula nyuma ya ulimi. Akigeuza uso au akafunga kinywa, basi, mmemaliza.

5. Kaa na chakula kimoja siku tatu kabla ya kuongeza kingine. Andika kwenye kidaftari tarehe na ulichompa. Akitokwa na vipele siku ya tano utajua ni cha nini.

6. Ndani ya wiki mbili za mwanzo, fikia vyakula vyenye chuma. Hapa ndipo wengi tunaposimama. Mtoto anakula kiazi, ndizi na uji mpaka miezi tisa, huku maini, samaki, pojo (choroko) na mayai vikiwa ni "vya wakubwa". Si vya wakubwa. Yeye ndiye anayevihitaji zaidi.

Samaki, ambaye tunaye mlangoni, ndiye rahisi kuliko wote. Chukua changu au tafi mbichi, mchemshe kwa maji kidogo na ndimu, bila chumvi. Akipoa, toa ngozi, kisha uchambue mnofu kwa vidole vyako juu ya sahani ya rangi iliyoiva, mfano buluu au kahawia. Kwenye sahani nyeupe mwiba hauonekani. Usichambue kwa uma, vidole ndivyo vinavyohisi. Pitia mara ya kwanza, sukuma mnofu upande mmoja wa sahani, kisha upitie tena kuurudisha upande wa pili. Mara ya pili kila siku nimekuta mwiba. Changanya kijiko kimoja cha mnofu huo na kiazi kilichopondwa. Ng'onda na papa wa chumvi usimpe, chumvi yake ni nyingi mno kwa figo zake. Na samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa na nduaro, hukusanya zebaki, madini yenye sumu, mwilini, kwa hivyo waache hata wakiwa wabichi.

Maini ya kuku: yachemshe mpaka ndani yasibaki na wekundu, uyaponde sana. Mara moja kwa wiki inatosha. Pojo: ziloweke usiku, zipike mpaka zipasuke, pitisha kwenye kichungio maganda yabaki juu. Ukimpa pojo, mpe na kipande cha papai, embe au chungwa, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuichukua chuma ya nafaka na mbegu. Yai lipikwe mpaka likaze lote, kiini na ute. Anza na ncha ya kijiko. Njugu ziwe zimesagwa laini kabisa na kuchanganywa kwenye chakula, hivyo hivyo kwa ncha ya kijiko. Zamani tuliambiwa mayai na njugu vingoje mpaka mwaka. Ushauri huo umebadilika, na kuvichelewesha hakumkingi mtoto na mzio. Ila kama ana ukurutu mkali wa ngozi, au nyumbani kuna mwenye mzio, zungumza na daktari kwanza.

7. Tia mafuta. Kijiko cha chai cha tui zito, samli au mafuta ya kupikia kinaongeza nguvu bila kuongeza ukubwa wa chakula. Kama unakuna nazi, chukua tui la kwanza, lile unalokamua kwa maji machache, ulichemshe pamoja na chakula. Tui bichi lililokaa kwenye joto huchacha haraka.

8. Uji, ukitaka kumpa, uwe mzito na wa unga mmoja au miwili. Wimbi, mtama au mahindi. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, upike kwa moto mdogo usiache kukoroga mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Kijiko kiinamishwe hapa pia. Mlishe kwa kijiko, si kwa chupa.

Ule unga wa mchanganyiko wenye nafaka kumi, njugu, soya na dagaa ndani yake mimi siutumii kwa mtoto anayeanza. Kikimkataa kimoja hutajua ni kipi, na unga uliosagwa kwa njugu au mahindi yaliyolala unyevuni waweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Unyevu wa hapa Pwani mnaujua. Nunua nafaka nzima, ichambue, ianike, usagishe kidogo kidogo.

9. Panda kiasi na ugumu kadiri anavyokua.

- Miezi 6 hadi 8: mara 2 hadi 3 kwa siku. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu kwa mlo, upande polepole mpaka nusu kikombe. Chakula kiwe cha kupondwa.
- Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe au zaidi kidogo, mara 3 hadi 4, na kitafunio kimoja au viwili katikati. Kiwe na vipande vidogo laini, na umwachie ashike mwenyewe kipande cha papai au kiazi.
- Mwaka 1 hadi 2: robo tatu mpaka kikombe kizima, mara 3 hadi 4, pamoja na vitafunio. Sasa anakula cha nyumbani. Mtolee wake kabla hujatia chumvi na pilipili.

Usibaki kwenye vya kupondwa mpaka mwaka. Mtoto ambaye hajakutana na vipande kufikia miezi tisa au kumi, baadaye huvikataa.

10. Endelea kunyonyesha kila anapotaka, na maji umpe kwa kikombe. Mafunda machache wakati wa kula yanatosha mwanzoni. Kaskazi ikikaza na nyumba ikiwa tanuri, mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Mwezi wa Ramadhani unataka mpango wake, maana jiko halikokwi mchana. Wengine humpa mtoto mchana kile kilichobaki cha daku. Kwa joto letu, chakula kilichopikwa saa kumi alfajiri na kukaa juu ya meza mpaka saa sita mchana si salama hata kidogo. Washa jiko dakika kumi na tano umpikie. Au umpe ndizi, avokado, yai la kuchemsha wakati ule ule.

Makosa ninayoyaona sana

*Chumvi na sukari.* Chakula chake kikionekana hakina ladha, hakina ladha kwako. Yeye hajui kingine. Hazihitaji hizi kabla ya mwaka, na sukari iachwe hata baadaye.

*Asali kabla ya kutimiza mwaka 1.* Hata ya kikohozi, hata kidogo kidoleni. Yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga na kumlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Kuichemsha hakusaidii.

*Chai.* Najua kikombe cha chai ya maziwa na mahamri ni heshima ya kila mgeni, na mtoto anaonjeshwa. Chai huzuia chuma isiingie mwilini. Ile kazi yote ya maini unaimwaga.

*Maziwa ya ng'ombe kuwa kinywaji chake.* Yangoje mwaka. Kidogo cha kupikia uji si tatizo.

*Kiporo.* Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali saa moja. Kilichoguswa na kijiko cha mate yake hakihifadhiwi. Umeme ukikatika usiku kucha, usikiamini kilichokuwa kwenye friji.

*Kumbana.* Kumshika mikono na kumimina uji kwa kiganja mpaka ameze ni hatari, unaweza kuingia mapafuni. Mama au mama mkwe akishauri hivyo, usigombane naye. Mwambie, "Mama, kliniki wamenikataza," kisha mpe yeye kijiko amlishe kwa utaratibu wako. Wangu alipoona mjukuu anafungua kinywa mwenyewe hakurudia tena.

*Mabuyu, njugu na korosho nzima, zabibu, peremende.* Huyu mdogo hanunuliwi hivi. Kaka na dada zake ndio humwekea kinywani kwa mapenzi. Waeleze wazi, na ufagie sakafu baada ya mabuyu. Mbegu moja inatosha kuziba koo. Njugu nzima zingoje mpaka miaka 5.

Mambo yakienda kombo

*Anakataa chakula fulani.* Mpe kingine leo, ukirudishe kile baada ya siku chache. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukikubali. Mwanangu wa pili alitema mchicha mwezi mzima.

*Choo kigumu.* Hutokea sana wiki za mwanzo. Punguza ndizi na uji kwa siku chache, mpe papai, maji kidogo zaidi, na umnyonyeshe. Choo chenye damu au tumbo lililojaa na gumu lipelekwe hospitali.

*Anaharisha.* Endelea kumnyonyesha na kumlisha, usimfungishe. Mpe ORS (ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji) kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoharisha, na uulize kliniki vidonge vya zinki. Hutumiwa siku 10 mpaka 14 hata kama tumbo limetulia. Macho yakizama, akakauka mkojo, akalegea, akatapika kila kitu au choo kikawa na damu, usingoje asubuhi.

*Vipele baada ya kula.* Vichache kuzunguka mdomo: acha chakula hicho, mtazame, uulize kliniki. Midomo au uso ukivimba, au akipumua kwa shida, ni dharura ya dakika hiyo hiyo.

*Anataka kutapika akila.* Akikohoa, akatoa sauti na uso ukawa mwekundu, mwache akitoe mwenyewe. Usitie kidole. Lakini akinyamaza, hakohoi, halii, na midomo inaanza kuwa ya bluu, amekabwa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja. Hakijatoka, mgeuze chali umbonyeze kifuani mara 5, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia, huku mtu mwingine akitafuta gari. Akizimia, anza kumfufua kwa namna uliyofundishwa. Mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mikono kabla hujahitaji, na umlete dada anayekusaidia kazi naye aone.

*Ameugua na hamu imepotea.* Milo midogo, mara nyingi, anavyovipenda. Akipona, mwongeze mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito.

*Anakula vizuri lakini uzito haupandi.* Inamisha kijiko kwanza. Kisha ukague: mara ngapi kwa siku, kuna mafuta, kuna samaki au pojo? Kama yote yapo na mstari bado umelala kwenye kipimo kinachofuata, mpeleke aangaliwe damu, mkojo na mengine.

Kliniki ya miezi 6 usiikose hata kama mtoto hana chanjo unayoikumbuka: ndipo anapopewa matone yake ya kwanza ya vitamini A, ambayo hurudiwa kila miezi sita mpaka anapokaribia miaka 5. Miezi 9 ni chanjo ya surua na rubela, na ya pili ni miezi 18. Kila ukienda, beba kile kidaftari cha vyakula pamoja na kitabu chake, na kijiko kimoja cha anachokula siku hiyo kwenye kibakuli chenye mfuniko. Muuguzi akikiona kwa macho atakushauri vizuri zaidi kuliko ukimweleza.